Umesoma Wapi Hiyo?

Mnazungumza mapenzi, mnazungumza pesa, mnazungumza hadi majina ya watoto ambao hawajazaliwa. Lakini mmewahi kukaa chini mkazungumza habari mnazoziamini? Sisi hatukuwahi, na nusura itugharimu.

Kuna swali la maneno matatu tu ambalo limewahi kunifanya nilale nimegeukia ukutani siku tatu mfululizo. Si "Ulikuwa wapi jana?" Wala si lile la "Huyu ni nani?" mnalolijua vizuri ninyi mnaopekua simu za wenzenu usiku wa manane. Swali lenyewe ni hili: "Umesoma wapi hiyo?"

Lisome tena, lakini safari hii lisome kwa sauti ya mwanaume aliyesomea fizikia, ameegemea kochi, mguu juu ya mguu, anatabasamu kwa dharau. Umeipata picha? Basi hayo ndiyo maisha niliyokuwa nayo.

Nijitambulishe kidogo, maana bila hivyo stori haitaeleweka. Mimi ni mtoto wa Muheza, Tanga, mhasibu kwa kazi. Mume wangu ni Muha wa Titye, wilayani Kasulu, mwalimu wa fizikia sekondari. Tulikutana Dar tukiwa wanafunzi, tukapendana, tukaoana, na kazi ikatuleta Kasulu mjini. Mashoga zangu waliponiaga walinitania eti naolewa mwisho wa reli. Nikawajibu kwamba reli inaishia Kigoma mjini, mimi ninakokwenda hata hiyo reli haijafika!

Maisha ni mazuri, sitawadanganya. Hali ya hewa ya huku milimani ni ya kutafuta blanketi, maharage ni ya kumwaga, na Waha wana salamu ambayo mtu wa pwani ukiiona mara ya kwanza unabaki mdomo wazi: mtu anainama, anapiga makofi taratibu, anakuambia "Mwakeye", na hana haraka ya kumaliza. Tatizo letu lilikuwa jioni. Chakula kikishaliwa kila mmoja anatoa simu yake, na hapo ndipo bunge linapofunguliwa. Zamani umeme wa Kasulu ulipokuwa wa majenereta, ubishi ulikuwa unakufa pamoja na betri. Gridi ya Taifa ilipofika mwaka 2022, ubishi nao ukapata chaji ya uhakika.

Na wala hatubishani siasa au mpira. Sisi ubishi wetu ni habari za sayansi, teknolojia na elimu. Panya Magawa, yule aliyezaliwa pale Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro, akafunzwa na APOPO na kwenda kunusa mabomu ya ardhini kule Cambodia mpaka akapewa medali ya dhahabu Septemba 2020, mume wangu alikuwa anamsifia utafikiri ni mjomba wake. Alipokufa Januari 2022, nyumba ilikuwa na msiba. Gesi ya heliamu ilipotangazwa kugunduliwa Rukwa mwaka 2016, mimi ndiye niliyetaka tukanunue kiwanja huko. Mambo madogo madogo hayo, ya kuchekana. Raha tupu.

Mpaka siku yalipogusa mtoto.

Fundi wa hadithi ya Mpemba

Kabla sijafika huko, lazima nikuambie hadithi anayoipenda mume wangu kuliko zote. Wageni wote waliowahi kula kwetu wameisikia, wengine mara mbili.

Mwaka 1963, kijana mmoja anaitwa Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka kwenye friza. Siku hiyo nafasi ilikuwa inagombewa. Mpemba akaona akisubiri atakosa, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Baadaye kwenda kuangalia, ya kwake yameshaganda, ya mwenzake aliyeyaingiza bila hata kuyachemsha bado.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Jibu: umechanganyikiwa, haiwezekani. Akaenda Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Huko ndiyo ikawa kichekesho kabisa, akikosea kitu darasani anaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba. Siku moja akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne. Wakati wa maswali, Mpemba akasimama na swali lake lile lile. Darasa likacheka. Osborne naye hakuamini, lakini alifanya kitu ambacho wengine hawakufanya: alirudi Dar, akajaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na leo dunia nzima inaita jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Hapo mume wangu huwa anasimama kidogo, anawaangalia wageni usoni. Halafu anamalizia kwa uungwana kwamba mjadala haujaisha. Mwaka 2016 wanasayansi wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walirudia vipimo kwa umakini wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha. Wengine bado wanabisha. "Lakini," anasema, "hata kama itathibitika hakuwa sahihi, waliomcheka walikosea."

Nzuri, sivyo? Hata mimi naipenda. Ndiyo maana ilinichukua muda mrefu kugundua kwamba fundi mwenyewe wa hadithi hii, akifika kwenye kochi lake, anageuka kuwa yule mwalimu wa Magamba.

Ubishi wa kishikwambi

Ubishi wetu wa kwanza mkubwa ulikuwa wa kishikwambi. Unakumbuka baada ya Sensa ya 2022 Serikali iliwagawia walimu vishikwambi vile vya makarani? Kimoja kikaingia nyumbani kwetu. Mtoto wetu wa kiume, wakati huo ana miaka minne, akakiona. Kwisha habari yake.

Mimi nilikuwa upande wa mtoto, na nilikuwa na hoja. Kati ya 2017 na 2019 mkoani kwetu Tanga kulifanyika jaribio kubwa la shindano la Global Learning XPRIZE. Zawadi zake zilitoka kwenye fedha za tajiri Elon Musk, na vishikwambi vilitolewa na Google. Watoto kama 2,700 katika vijiji 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na hesabu kwa Kiswahili, bila mwalimu. Vituo vya kuchajia vilikuwa vya nguvu ya jua. Wengi wa watoto wale, asilimia 74, walikuwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma hata neno ikapungua kwa nusu. Mei 2019 washindi wawili, onebillion ya Uingereza na Kitkit School, wakagawana dola milioni 10.

"Umeona?" nikamwambia. "Mtoto anajifundisha mwenyewe!"

"Umesoma wapi hiyo?"

Safari hiyo nilikuwa nimejiandaa, nikamwonyesha. Akasoma yote, kimya. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Sawa. Lakini nusu iliyobaki, baada ya miezi 15 na kishikwambi mkononi, bado hawawezi kusoma neno moja. Na hawa walikuwa hawana kitu kabisa. Wa kwetu ana shule, ana mwalimu, ana mama na baba. Wewe unalinganisha mwenye njaa na aliyeshiba."

Kha! Nilinuna, lakini alikuwa na pointi. Jaribio lile lilikuwa linauliza kama kishikwambi ni bora kuliko kukosa vyote. Halikuuliza kama ni bora kuliko mama anayekaa na mwanawe jioni akamsomea hadithi. Mimi nilikuwa nimesoma jibu la swali moja nikalibandika kwenye swali lingine. Tukafikia mwafaka: nusu saa kwa siku, na mmoja wetu akae naye. Ukweli ni kwamba ile nusu saa sasa ndiyo sehemu ninayoipenda ya siku, na mara nyingi tunaishia kuzima kishikwambi na kuchora.

Kwa hiyo mfumo wetu ulikuwa unafanya kazi, ingawa kwa kununiana. Kumbe nilijidanganya.

Shambani kwa mama mkwe

Twende Titye sasa. Mama mkwe wangu ana shamba la muhogo, na muhogo kwa Muha si chakula cha kubabaisha, ndio ugali wenyewe. Tulikwenda likizo, mume wangu akiwa na programu mpya kwenye simu inaitwa Nuru. Imetengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, na majaribio yake mengi yamefanyika hapa hapa Tanzania. Unaelekeza kamera kwenye jani, akili bandia inakuambia kama mmea una ugonjwa. Inafanya kazi hata kama hakuna mtandao, jambo ambalo kwa kijijini si dogo.

Na si mchezo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, programu hii ilitambua dalili za magonjwa ya mihogo kwa usahihi wa asilimia 65 kwa jani moja, wakati mabwana shamba walipata kati ya 40 na 58 na wakulima wenyewe kati ya 18 na 31. Ukipima majani sita ya mmea mmoja, usahihi unapanda hadi kati ya 74 na 88.

Mume wangu akaingia shambani kama daktari bingwa. Akapiga jani la kwanza. Simu ikasema batobato. Mama mkwe akaangalia, akacheka kwa upole. "Hiyo naijua, mwanangu. Jani limejikunja, lina madoa ya njano. Hata mtoto anaona." Halafu akatupeleka kwenye shina lingine, majani mabichi, yamenyooka, ya kupendeza. Akalivuta, akatoa jembe mgongoni mwa kilima, akalikata lile muhogo katikati. Ndani kulikuwa na kuoza, mabaka ya kahawia, makavu kama gome. "Huu ndio unaoniua," akasema. "Simu inaona majani. Huu umejificha chini."

Ugonjwa huo ni michirizi ya kahawia. Mmea unaweza kusimama vizuri juu huku mizizi imeharibika, na mkulima anajua siku ya kuvuna. Nilipofuatilia baadaye nikakuta kwamba wa kwanza kuuandika kitaalamu ni Storey, mwaka 1936, akiwa kituo cha utafiti cha Amani. Amani! Milimani kwetu Muheza! Huko ndiko walikoanza kuzalisha mihogo inayovumilia magonjwa haya, kwa kuichanganya na jamaa zake wa porini. Yaani nimetoka Muheza mpaka Titye kukutana na habari ya kwetu.

Lakini kilichonikaa kichwani ni jambo lingine. Nilimuuliza mama ugonjwa unafikaje shambani. Akataja inzi weupe, wale wadudu wadogo wa chini ya majani, na kweli ndio wanaoeneza virusi. Halafu akasema: "Lakini zaidi ni sisi wenyewe. Jirani anakupenda, anakupa mbegu. Umepokea pingili, umepokea na ugonjwa. Mimi siku hizi sipokei mbegu ya muhogo kabla sijaona shamba ilikotoka. Nakwenda, nang'oa shina moja, nakata, naangalia ndani. Asiyetaka ning'oe, namshukuru, naondoka."

Nikaona ni maneno mazuri ya kilimo. Nikaendelea na maisha yangu.

Siku niliyomzuia mtoto shule

Tunaishi na binti wa kaka yake mume wangu, aje asome mjini. Aprili 2024 alikuwa na miaka 11. Mwezi huo kulikuwa na kampeni ya nchi nzima ya chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, dozi moja, bure. Akarudi shule na taarifa kwamba wiki ile watachanjwa.

Jioni hiyo hiyo kwenye kundi la familia, upande wa kwetu, ikaingia sauti. Mtu anajiita daktari, anaongea taratibu, sauti nzito ya kiutu uzima, anasema chanjo ile inafunga kizazi. Aliyeituma ni shangazi yangu ninayempenda sana, na chini yake kaandika: "Wanangu, lindeni mabinti."

Nikamwekea mume wangu asikilize. Hakufika hata nusu. Akatabasamu lile tabasamu. "Umesoma wapi hiyo?"

"Sijasoma, nimesikia."

"Eheee. Mhasibu mzima, na digrii yako."

Jamani, naomba mnielewe. Nilimuwekea ile sauti kwa sababu nilikuwa na wasiwasi, nilikuwa nataka aniambie kwa nini si kweli. Nilikuwa nauliza. Yeye akanicheka. Na kuna kitu kinatokea mtu akikucheka: unaanza kukitetea kile ambacho dakika moja kabla hukuwa na uhakika nacho. Tukarushiana maneno hadi saa sita usiku. Alisema familia yetu ni ya washirikina. Nilisema yake haijui hata mtoto wa kike ni nini. Tulilala kila mtu na ukuta wake.

Kesho yake nikamwambia binti asiende shule, aseme ana homa. Siku ya pili hivyo hivyo. Mume wangu anaondoka asubuhi na mapema, hakujua. Kampeni ikapita.

Sikufanya vile kwa sababu naamini. Nilifanya kwa kiburi. Nimekaa na jambo hili muda mrefu, na naliandika leo kwa sababu najua si mimi peke yangu.

Nesi na maswali matatu

Juni shule zilipofungwa binti akaenda kwa bibi yake Titye. Baada ya wiki moja mama mkwe akapiga simu. Hakunipigia mwanawe, alinipigia mimi.

"Mkwe wangu, mtoto ananiambia wenzake wamechanjwa, yeye alikuwa na homa. Homa gani ya siku mbili ambayo hukuniambia?"

Nilishindwa kusema uongo. Nikamweleza yote, mpaka ile sauti ya kwenye kundi. Nilitegemea atanicheka kama mwanawe, au atakuwa upande wa ile sauti, maana ni mama wa kijijini, sivyo tunavyowafikiria? Akanyamaza kidogo. Halafu akaniambia habari ya dada yake, ambayo hata mume wangu hakuwahi kuisikia yote. Dada yake alitokwa damu miezi mingi akidhani ni mambo ya umri. Akaona aibu kusema. Alipofikishwa hospitali, walimwambia ni saratani ya mlango wa kizazi na kwamba imeshasambaa. Alikuwa na watoto sita.

"Niliposikia chanjo nilikwenda kwa nesi," akasema. "Nikamuuliza kama ninavyouliza mbegu. Nani kasema? Kajuaje? Na wewe binti yako umempeleka?"

Nesi alimjibu yote matatu, na la tatu akalijibu kwa kumwonyesha bintiye mwenyewe, alikuwa pale nje anacheza. Mama mkwe akanipa siku moja nifikirie, akasema asingependa kumchanja mtoto mgongoni mwangu. Siku hiyo ndiyo niliyoitumia kufanya nilichopaswa kufanya miezi miwili nyuma: kusoma.

Nilichokikuta ni hiki. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi zinasababishwa na kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na aina mbili tu, namba 16 na 18, zinahusika na kama asilimia 70. Kwa wanawake wa Tanzania hii ndiyo saratani inayoongoza. Chanjo inatolewa mapema kwa sababu inazuia kirusi kisiingie, haiondoi kilichokwisha kuingia. Haina uhusiano na kumruhusu mtoto jambo lolote. Nchini kwetu ilianza kwa majaribio Kilimanjaro mwaka 2014, ikawa ya nchi nzima Aprili 2018, kwanza kwa wasichana wa miaka 14 na dozi mbili.

Na hiyo dozi moja, imetoka wapi? Hapo ndipo nilipojisikia aibu ya kweli. Sehemu ya ushahidi imetoka Mwanza, jirani zetu wa kanda ya ziwa. Watafiti waliwafuatilia wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, wengine dozi moja, wengine mbili, wengine tatu. Baada ya miaka miwili, zaidi ya 95 kati ya kila 100 waliopata dozi moja walikuwa bado na kinga ya HPV 16 na 18 mwilini. Kenya nako walifuatilia wanawake vijana 2,275, na dozi moja ilizuia maambukizi ya aina hizo mbili kwa asilimia 97.5 katika miezi 18. Matokeo yote yalitoka mwaka 2022. Kuhusu kufunga kizazi, chanjo hii imeshatolewa duniani kote kwa mamilioni ya wasichana tangu 2006, ikafuatiliwa miaka na miaka, na haikuonekana kuharibu uzazi. Kinachoharibu kizazi ni saratani yenyewe na tiba zake.

Na yule "daktari" wa kwenye sauti? Nilimtafuta. Hana jina, hana hospitali, hana mwaka. Shamba lake halionekani.

Asubuhi yake nikampigia mama mkwe. Binti akachanjwa siku hiyo hiyo. Bibi yake ndiye aliyemshika mkono, na jioni alinitumia picha wote wawili wamekula ndizi.

Tulichokubaliana

Jioni hiyo nikamwambia mume wangu ukweli, homa ya uongo na yote. Alikasirika, na alikuwa na haki. Nilimwacha amalize. Kisha nikamuuliza swali moja tu: "Ile jioni, mimi nilikuwa Mpemba au nilikuwa mwalimu?"

Hakujibu. Alikwenda kukaa nje. Aliporudi alileta kiti chake akakiweka karibu na changu, badala ya kochini kwake. Tangu siku hiyo tuna makubaliano yetu, na nawapa bure:

Moja, hakuna kucheka kabla ya kusoma. Unaweza kubisha, unaweza hata kununa, lakini kwanza usikilize mpaka mwisho.

Mbili, habari yoyote inayogusa mwili wa mtoto au pesa ya nyumba hailali bila kukatwa. Nani kasema, kajuaje, na yeye mwenyewe amefanya nini kwa mwanawe?

Tatu, tunaangalia kama habari inajibu swali letu au swali la mtu mwingine. Hii ni kwa heshima ya kishikwambi.

Nne, hatusambazi kwa mapenzi. Najua shangazi alituma ile sauti kwa upendo. Jirani naye hutoa pingili kwa upendo. Nilimpigia shangazi, sikumwandikia kwenye kundi mbele ya watu, nikamweleza nilichokisoma na kuhusu dada wa mama mkwe. Alinyamaza, akaniuliza kama mjukuu wake wa miaka 13 bado anaweza kuchanjwa. Nikamwambia aende kituo cha afya akaulize, na amuulize nesi lile swali la tatu.

Tano, ni la kwetu wakubwa. Chanjo ya mabinti haituhusu sisi tuliopitwa na umri huo. Mwanamke wa miaka 30 hadi 50, na aliye na VVU mapema zaidi, anatakiwa kupimwa. Njia inayotumika sana hapa nchini ni ya kupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kama rangi inabadilika, ni dakika chache. Mimi nilikwenda. Mume wangu alinisindikiza akakaa benchi na kina mama, mwanaume peke yake, anatazama viatu vyake.

Bado tunabishana, msidhani nyumba imekuwa kanisa. Juzi tu kaja na habari kwamba akili bandia itachukua kazi za wahasibu wote, ananisomea huku anafurahi kabisa. Nikaweka kijiko chini.

"Umesoma wapi hiyo?"

Akasogeza kiti, akanipa simu.